Alhamisi Tuliyopanda Mlima wa Riyam

Tulipokuwa kwenye matanga ya wifi yangu Zamzam mwezi uliopita, huko Sib, mtoto wake Shufaa alinishika mkono akanipeleka jikoni, akafunga mlango, akaniuliza jambo ambalo kwa miaka ishirini na zaidi hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. "Shangazi," alisema, "kweli weye ndiye uliyenitoa kwa bibi?" Nilikuwa nimebeba sinia la boko boko, ngano iliyopondwa na nyama, kwa mikono miwili na sikuona pa kuliweka. Nikamjibu kuwa ni kweli. Akataka kujua ilikuwaje, nikamwambia nitamweleza, lakini si siku ile, na watu wamejaa ukumbini wanasoma. Basi ninaandika kwa ajili yake. Sitaeleza ukoo wetu ulitoka wapi na ulifikaje Maskati, maana hayo kila nyumba ina namna yake ya kuyasimulia na zote nimezichoka. Nitaeleza mwaka mmoja tu, 2004, na miezi michache iliyoufuata, nilipokuwa na miaka ishirini na saba, sijaolewa, na nafanya kazi ya ukarani katika ghala la vigae huko Rusayl.

Kaka yangu Nassor, baba yake Shufaa, alikufa Julai ya mwaka huo. Gari lake lilipinduka njia ya Nizwa saa nne ya asubuhi, barabara kavu, hakuna gari jingine karibu. Nilipigiwa simu ofisini. Nilisikiliza, nikasema "inna lillahi," nikaweka simu, nikamaliza kuandika barua niliyokuwa nikiiandika, nikaipeleka kwa mudiri, mkubwa wetu wa kazi, akatia saini, ndipo nikamwambia naomba ruhusa, kaka yangu kafariki. Mercy, dada wa Kikenya aliyekuwa akikaa meza ya mapokezi, alinifuata mpaka kwenye gari. "Asya, uko sawa kweli? Huwezi endesha hivyo. Lete funguo." Nikampa funguo. Njia nzima yeye ndiye aliyekuwa akilia, na Nassor hakuwahi kumwona hata siku moja. Mimi nilikuwa nikitazama mabango ya barabarani na kuyasoma moja moja. Watu husema msiba huja kama wimbi. Wangu haukuja. Ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa na unajua ni wako, lakini haukujibu. Nikawa nasubiri ule mchomo wa damu inaporudi. Wiki ikapita, mwezi ukapita, nikaacha kusubiri.

Zamzam alikaa eda kwetu, katika nyumba yetu ya Ansab, chumba cha juu alichokuwa akikaa na mumewe. Ninakikumbuka chumba kile kuliko ninavyovikumbuka vyumba vyangu mwenyewe. Kitanda kilisukumwa ukutani na godoro likatandikwa chini. Mapazia ya rangi ya kahawia hayakufunguliwa mpaka jua lizame, na kiyoyozi kilitoa sauti ya kugugumia kila baada ya dakika chache, hata tukawa tunanyamaza kukipisha kisha tunaendelea. Nikirudi kazini nilikuwa napanda moja kwa moja, nakaa naye, na Shufaa, ambaye hakuwa hata na miaka miwili, anatembea juu ya godoro kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine. Ramadhani ikamkuta Zamzam ndani ya eda, na Idi ikampita humo humo. Jioni nilikuwa nampelekea futari, tambi za sukari na uji wa pilipili manga, na tunakula pale chini kwenye sinia moja. Alikuwa hazungumzi sana habari za Nassor. Siku moja tu aliniuliza, "Asya, alikuwa akenda wapi Alhamisi?" Nikamwambia mlimani, si unajua. "Nnajua mlimani. Nnauliza wapi."

Nassor alikuwa na desturi hiyo. Siku hizo mapumziko yetu yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, na kila Alhamisi, kuanzia joto linapovunjika mpaka linaporudi, akisali Alfajiri anavaa raba zake anakwenda Riyam, nyuma ya ile bustani yenye mnara wa umbo la chetezo, anapanda mlima peke yake na kuteremkia Matrah. Adhuhuri amerudi, anakula, analala. Ukimuuliza kulikuwaje, jibu lake ni moja: "Kwema." Mama alikuwa akisema mtu mwenye mke na mtoto anatafuta nini kwenye mawe. Zamzam alitaka kumfuata, lakini alikuwa na mimba, kisha akawa ananyonyesha, na Nassor akamwambia, "Ukishamwachisha ziwa huyu, tutakwenda sote."

Jumamosi ya wiki Zamzam aliyokuwa akimaliza eda nilikuwa jikoni napaka ufuta kwenye mikate. Baina ya jikoni na sebule yetu kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na kilikuwa hakifungi vizuri. Mama alikuwa sebuleni na kaka yangu mkubwa, Khalfan, ambaye alikuwa na mke na watoto wanne nyumba ya pili. Nilimsikia Mama akisema, "Jumatano anatoka. Tukikaa kimya mwezi mmoja tu, watakuja watu kumposa." Khalfan akasema, "Mie n'shasema niko tayari kumuoa. Mke wangu n'shamwambia." "Akikubali, alhamdulillahi. Mtoto atakulia hapa hapa, kwa baba yake mkubwa." Nikasikia kikombe kinawekwa juu ya kisahani. "Na akikataa?" aliuliza Khalfan. "Akikataa, yeye kwao anakujua," alisema Mama. "Aende. Lakini mtoto wa Nassor hatoki nyumba hii." Hakuisema kwa ukali. Aliisema kama mtu anayetaja kilichobaki kwenye friji. Nikaendelea kupaka ufuta. Mikate ilikuwa kumi na miwili, nikaipaka yote, nikaitia kwenye oveni.

Usiku huo huo Mama aliniita chumbani kwake. Alikuwa ameketi kitandani, miguu haifiki chini, na kanga ya kuswalia bado mabegani. "Asya mwanangu, anakusikiliza weye. Mwambie taratibu. Khalfan si mtu mbaya." Nikasema, "Haya." "Lakini la mtoto usimwambie. Hilo halina haja ya kusemwa, akikubali." Nikasema, "Haya, Mama." Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema haya. Shufaa, nikueleze kweli: sikuwa nimekubali wala sikuwa nimekataa. Mama yangu alikuwa amezika mtoto na alikuwa akishika kilichobaki, na mimi nilikuwa nikimwona kama mtu unayemwona nyuma ya kioo, midomo inatikisika na wewe unaitikia kwa kichwa. Jumapili nikampelekea Zamzam chai, sikumwambia. Jumatatu hivyo hivyo. Jumanne Mama aliniuliza, "Umemwambia?" nikasema bado.

Jumatano Zamzam alikoga, akavaa nguo ya rangi ya majani, wanawake wachache wakaja, wakasoma, wakala. Wageni walipoondoka akateremka na sahani zake mwenyewe, akaziosha, akamgeukia Mama. "Mama, kesho nataka kwenda Riyam. Kule alikokuwa akenda Nassor." Mama alimtazama. "Ndo kwanza umetoka leo." "Ndiyo, nimetoka." "Wanawake wawili mlimani? Watu watasemaje?" "Nani wawili?" nikauliza, maana nilikuwa sijaambiwa. "Weye na yeye," alisema Mama, na nikamwona anafikiri. Kisha akasema, "Nendeni. Mtoto mniachie mie, mlimani si pa mtoto." Akanitazama. Nilijua ananipa nafasi ya kusema.

Sikuwa na viatu vya kutembelea. Nilimpigia Mercy, aliyekuwa na mguu sawa na wangu, nikapitia kwake asubuhi kuchukua raba zake. Alizitoa kwenye mfuko wa dukani, akaziweka kwenye kiti cha nyuma. "Huko kuna njia ama mnaenda tu?" Nikamwambia kuna alama, Nassor alisema zimepakwa rangi kwenye mawe. "Alama za rangi," alisema Mercy. "Haya. Mkipotea mpige simu, mimi nitakuja na kelele."

Ilikuwa mwisho wa Novemba, ile wiki ambayo Maskati inakuwa mji mwingine, watu wanazima viyoyozi na kufungua madirisha na unasikia majirani wanavyoishi. Tuliacha gari Riyam tukapita nyuma ya nyumba za mwisho. Njia inaanza kwa ngazi za mawe za zamani, si ngazi za kujengwa hasa, ni mawe yaliyopangwa na watu waliokuwa wakipita na punda kabla barabara ya pwani haijachimbwa. Alama zenyewe zilikuwa mistari mitatu, manjano, nyeupe na nyekundu, kubwa kama bahasha, moja hapa, nyingine mbali huko, na jua lilikuwa limeshazila hata nyekundu ikawa kama ukucha wenye hina ya mwezi uliopita. Hakukuwa na mtu. Zamzam alifunga buibui lake kiunoni akawa mbele. Miezi minne na zaidi alikuwa hajatembea zaidi ya kutoka chumbani mpaka chooni, na nilimsikia anavyohema, lakini hakusimama. Mlima ule hauna udongo. Ni mawe meusi na mekundu kutoka chini mpaka juu, hakuna kivuli, hakuna nyasi, na mtu akikanyaga jiwe lililolegea sauti yake inakwenda upande wa pili na kurudi.

Juu kabisa tulisimama. Nyuma yetu bahari, mbele milima mingine kama ile ile, na baina yake bonde la wadi, yaani mto mkavu, linaloteremka kuelekea Matrah. Zamzam alizunguka polepole, akatazama pande zote, akainama akagusa jiwe lenye alama. Nilidhani atalia. Nilijiandaa, nikashika chupa ya maji tayari kumpa. Akasema, "Hakuna kitu." Nikasema, "Hapana." "Mie nilidhani labda pana miti. Au pana mtu." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Kumbe alikuwa anakuja kwenye hakuna kitu." Upepo ulikuwa baridi jasho likinikauka mgongoni, na ndilo jambo pekee ninalokumbuka kulihisi. Tukateremka upande wa pili.

Huko chini kwenye wadi ndiko tulikopotea. Mvua ya mwaka wa nyuma ilikuwa imesukuma mawe, na alama zilizokuwa juu yake zimeviringika nazo. Tuliona moja imetazama mbinguni, nyingine imelala kifudifudi na ncha ya manjano tu inachungulia. Tukafuata bonde dogo la kushoto kwa sababu lilionekana lina nyayo. Zilikuwa nyayo za mbuzi. Baada ya nusu saa likaishia kwenye ukingo mkali, chini yake kina cha urefu wa nyumba ya ghorofa mbili na kidimbwi cha maji ya kijani. Hapakuwa na pa kupita. Simu haikuwa na mawasiliano. Tukakaa chini ya mkunazi mmoja uliojibana kwenye ufa wa jabali, nikatoa chupa ya chai na chapati nilizozungushia mayai, tukala bila kusema. Niliona Zamzam ameparuzika vidole. Na hapo, si kwa sababu niliamua, labda kwa sababu tu hapakuwa na mlango wa kutokea, nikamwambia. Nilimwambia yote kama nilivyoyasikia, Khalfan, posa, na mtoto. Sauti yangu ilikuwa ile ile ninayosomea orodha za vigae kwenye simu.

Aliacha kutafuna. "Mtoto wangu?" "Ndiyo." "Mama kasema hivyo? Kwa mdomo wake?" "Kwa mdomo wake." Aliweka chapati juu ya jiwe. "Umejua lini?" "Jumamosi." "Leo Alhamisi." "Ndiyo." Alinitazama muda mrefu, na mimi nilimtazama, na ninakumbuka nilikuwa nafikiri kwamba ana chembe ya yai kwenye kidevu na je, nimwambie. "Na weye unaonaje?" aliniuliza. Nikasema sijui. "Hujui." "Sijui, Zamzam. Sihisi kitu. Tangu Julai sihisi kitu." "Mie sikukuuliza unahisi nini!" Sauti ilirudi kutoka majabali yote. "Nimekuuliza unaona nini. Macho unayo?" Akasimama, akafunga buibui lake upya. "Mtoto wangu yuko mikononi mwao na mie niko hapa nakula chapati. Inuka. Tafuta njia."

Tukarudi tulikotoka, safari hii yeye nyuma na mimi mbele, nikigeuza mawe kwa mguu kutafuta rangi. Niliipata alama kwenye njia panda, juu kuliko urefu wa mtu, upande ambao hatukutazama mara ya kwanza. Tulipita ukuta wa kijiji kilichohamwa, mfereji mkavu, kisha makaburi, kisha ghafla tukaibukia nyuma ya nyumba za Matrah, nguo zimeanikwa na mwanamke mmoja anamwaga maji ya mchele. Alituona tulivyotapakaa vumbi akasema, "Bismillahi!" akaingia ndani. Ndani ya teksi ya kuturudisha Riyam Zamzam aliomba simu yangu akampigia kaka yake Sib. "Njoo Ansab baada ya Adhuhuri. Na gari. Hapana, hakuna aliyekufa. Njoo tu."

Tulifika mkeka umeshatandikwa. Wali, mchuzi wa papa, achari ya ndimu. Khalfan alikuwepo, amevaa kanzu mpya. Na Zamzam, wallahi, alinawa akakaa akala. Alikula vizuri, akamwongezea Mama mchuzi, akajibu maswali ya Khalfan kuhusu njia. Mama akanikonyeza kwa furaha. Nilijua anadhani nimefanya alichonituma. Zamzam alipomaliza akapanda juu, na aliposhuka alikuwa na mkoba mmoja na mfuko wa nguo za mtoto, na mlangoni kaka yake anabisha hodi. "Mama," alisema, "nakwenda kwetu." Mama hakushtuka. "Nenda mwanangu, ukapumzike siku mbili tatu. Shufaa kalala, muache." "Nakwenda naye." "Kalala, nimekwambia." Mama akaingia chumbani kwake akakaa kitandani kando ya mtoto, mkono juu ya mgongo wake mdogo. Khalfan akasimama mlangoni pa chumba. Kaka yake Zamzam, mtu mpole, alibaki barazani anasema, "Jamani, tuzungumze." Zamzam alisimama ukumbini na mifuko yake, midomo imekauka, hakuweza kumpita Khalfan, maana kwa dini yetu asingeweza kumgusa shemeji yake.

Mimi niliweza. Ni kaka yangu. Nilipita chini ya mkono wake nikaingia. "Asya, usimwamshe," Mama alisema. Nikauondoa mkono wake juu ya mgongo wa mtoto, kidole kimoja kimoja, bila nguvu, na hakunizuia, nadhani kwa sababu hakuamini. Nikamwinua Shufaa. Alikuwa mzito kama wanavyokuwa watoto waliolala, na ana jasho shingoni. "Mrejeshe," Khalfan alisema. "Mrejeshe, Asya, nitakutia adabu!" Shufaa, utataka kusikia kwamba shangazi yako alikuwa shujaa. Sikuwa nikifikiria haki wala mama yako wala baba yako. Nilikuwa nafikiria kichwa chako, kisigonge fremu ya mlango. Nikageuka ubavu, nikapita, nikakuweka mikononi mwa mama yako, na gari likaondoka. Niliporudi ndani Mama alikuwa bado kitandani, mkono uko pale pale ulipokuwa mtoto. "Umenizika mara ya pili," aliniambia. Akalala akageukia ukuta.

Hakunisemesha tena miezi mitano. Alipika kila siku, na kila siku nilipotoka kazini nilikuta sahani yangu imefunikwa juu ya meza ya jikoni, na nyumba nzima kimya. Nilikula nimesimama. Khalfan alikuja, akapita mbele yangu kama anapita hewa. Nilikuwa nawasikia wanazungumza na ninapoingia wanakoma. Haikuniuma kama inavyopaswa, na hilo liliniogopesha kuliko ukimya wenyewe. Kisha Alhamisi moja ya Aprili, joto limeshaanza kurudi, Mama alitokea ukumbini amevaa buibui na viatu, ana kifurushi mkononi. "Gari lina petroli?" Nikasema linayo. "Nipeleke Sib."

Njia nzima alikipakata kifurushi chake. Tulipofika alishuka mwenyewe, akagonga geti, nikamwona Zamzam anafungua. Walitazamana. Sikusikia walichoambiana, kama waliambiana. Nilimwona Zamzam anasogea pembeni na Mama anaingia. Mimi nikabaki ndani ya gari, injini inawaka. Sikujua kama nimealikwa. Baada ya robo saa Zamzam alitoka, akafungua mlango wa mbele, akakaa kando yangu, akaufunga. Kutoka ndani ya nyumba kulisikika mtoto anapiga kelele za furaha na Mama anamwigiza.

"Sijamsamehe," alisema Zamzam. "Nataka ulijue hilo. Nimemfungulia mlango tu."

"Nnajua."

"Na weye sijakusamehe."

Niligeuka nikamtazama. "Mie nilikupa mtoto wako."

"Ulinipa. Na kabla ya hapo, siku tano. Ulikuwa unapanda na chai, unakaa juu ya godoro langu, unacheza na mwanangu, na unajua. Kama tusingepotea kule mlimani ungenambia lini?"

Na hapo mikono yangu, iliyokuwa juu ya usukani, ikaanza kuuma, kwanza vidole, kisha viganja, maumivu ya kawaida kabisa, kama ya mtu aliyeshika kitu kwa nguvu muda mrefu.

"Sijui," nilisema. "Labda nisingekwambia."

"Haya," alisema. "Hilo ndilo nililokuwa nalitaka kulisikia." Akafungua mlango, akateremka, akazunguka mpaka upande wangu, akafungua na wa kwangu. "Zima gari. Wali unapoa."

Nikazima gari, nikateremka.